Ripita saba, mtaa mmoja: tulivyosaidiana hewani mpaka tukazibana pumzi

Fundi wa Igawilo (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua, nimejifunika blanketi mbili naandika. Uzi ni mrefu, asiye na bando asome nusu, kesho amalizie.

Mtaa wetu uko kwenye mteremko huku Igawilo, ukitoka Uyole kama unaelekea Tukuyu. Nyumba ya juu kabisa inauona mnara vizuri, za chini zimezibwa na mikaratusi na migomba. Tukachanga nyumba tisa, tukanunua rauta moja ya 4G na antena ya nje, tukaifunga kwa mzee wa juu. Nyumba tatu za jirani zikafaidi. Za chini zikawa na mtandao wa kubahatisha: ukisimama mlangoni upo, ukikaa kwenye kochi haupo.

Nikafunga ripita ya kwanza, kile kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena mbele, katikati ya mteremko. Mama wa nyumba ya tano akaanza kuongea kwa video na mwanae aliyeko Iringa bila kukwama hata mara moja, akaniletea debe la viazi. Sasa mambo ya mtaa mnayajua. Jirani akiona mwenzake ana ripita, na yeye anataka ya kwake. Ndani ya miezi miwili zikafika saba, zote chaneli moja, zote nguvu ya mwisho. Na mimi ndiye niliyezifunga na hela nikala, sikatai.

Mtandao ukafa. Na hawakuumia wa chini peke yao. Hata mzee wa juu, mwenye rauta sebuleni kwake, akawa anaangalia WhatsApp inazunguka. Akaniita: "Kijana, hiki kitu kilikuwa kizuri, mmekifanyaje?" Siku hiyo sikuwa na jibu. Nimelipata baadaye kwa kupima na kusoma, ndiyo nalileta.

Tuanze na upande wa faida, maana kuna watu wakisikia hivi wataenda kung'oa ripita zote. Mawimbi ya redio kwenye uwazi, ukiongeza umbali mara mbili nguvu inabaki robo. Huku kwetu kwenye miti, kuta na udongo hali huwa mbaya zaidi: umbali ukiwa mara mbili, nguvu inaweza kushuka hadi 1/16. Kwa hiyo ukimweka mtu wa kupokea katikati ya safari, kila kipande kinapata nguvu mara kumi na kitu kuliko safari nzima. Ni kama kupokezana matofali kwenye saiti. Ukirusha tofali kutoka chini hadi ghorofa ya pili unaua mtu, wakisimama watu kwenye ngazi wakapeana linapanda salama.

Faida ya pili wengi hawaijui. Mawimbi hayafiki kwa njia moja. Mengine yanadunda kwenye bati, mengine kwenye lori lililopaki, mengine kwenye kilima. Yakikutana kwenye antena yako yanaweza kuongezana au kuuana. Kwenye Wi-Fi ya gigahezi 2.4 wimbi lina urefu wa sentimita 12.5 tu, ndiyo maana ukisogeza simu upana wa vidole vinne mtandao unarudi. Si uchawi. Sasa dawa ya hilo ni kuwa na njia mbili zisizohusiana. Kama kila njia inafeli mara 1 kati ya 10, zote mbili kufeli kwa pamoja ni mara 1 kati ya 100. Minara inafanya hivyo kwa kuweka antena nyingi zilizotengana. Simu au kisensa hakina nafasi hiyo, lakini jirani yako ana antena yake, na iko mbali na yako. Hapo ndipo wataalamu wakasema: tuazimane antena.

Wazo la mtu wa tatu katikati ni la zamani. Edward van der Meulen aliandika kulihusu mwaka 1971. Mwaka 1979 Thomas Cover na Abbas El Gamal wakapiga hesabu za kiasi gani huyo wa katikati anaweza kuongeza, na mpaka leo jibu kamili la kila hali bado linatafutwa. Miaka ya 2003 na 2004 ndiyo likapamba moto: Sendonaris, Erkip na Aazhang wakaonyesha watumiaji wawili wa kawaida wanavyoweza kubebana, kisha Laneman, Tse na Wornell wakachambua namna za kubeba.

Namna zenyewe kubwa ni mbili. Ya kwanza, wa katikati anakuza alichosikia na kukirusha kilivyo. Rahisi na haraka, ila anakuza na kelele zilizoingia njiani. Ya pili, anasikiliza, anaelewa, anasema upya kwa sauti safi. Hii ndiyo inayofanywa na ripita zetu za Wi-Fi. Ubaya wake, kama yeye mwenyewe hakusikia vizuri hana cha kupeleka, na akilazimisha anapeleka uongo. Mnakumbuka mama akikutuma kwa jirani? Kuna mtoto anayefikisha maneno pamoja na kikohozi cha mama, na kuna anayefikisha alichoelewa yeye.

Haya, bili sasa. Ripita yetu ya kawaida haisikilizi na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli ileile, kwa sababu sauti yake mwenyewe inazima masikio yake. Kwa hiyo pakiti moja, yaani kifurushi kimoja cha data, inalipiwa hewa mara mbili. Ikipita ripita mbili, mara tatu. Mwaka 2001 kuna watafiti wa MIT, chuo cha Marekani, walipima mnyororo wa vituo vinavyopokezana kwenye chaneli moja: kwa hesabu safi unategemea kubaki na robo ya kasi, kwenye majaribio ya kompyuta kwa taratibu za Wi-Fi za wakati huo ikabaki kama 1/7. Mimi nilikuwa nimejenga mnyororo huohuo mteremkoni na kuuita maendeleo.

Na hilo ni la yule anayesaidiwa tu. Kuna asiyehusika. Wi-Fi ina adabu: kabla ya kusema inasikiliza, ikisikia mwingine anaongea inangoja. Zamani nyumba ya kwanza na ya tisa hazikusikiana kabisa, zikawa zinaongea kwa wakati mmoja bila kugombana. Nilipoweka ripita katikati yenye nguvu ya mwisho, inasikika juu na inasikika chini. Ikifungua mdomo kumsaidia wa chini, wa juu ananyamaza. Zidisha mara saba.

Ile methali ya kelele za chura kutomzuia ng'ombe kunywa maji, kwenye redio haifanyi kazi. Huku chura akilia ng'ombe anasimama.

Naendelea chini, ngoja nichemshe chai.

Bati Jekundu

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu mbona ni jambo dogo? Kanunueni ile mesh ya bendi tatu, vile vituo vya Wi-Fi vinavyopokezana vyenyewe, mambo yaishe. Mnahangaika na vitu vya kichina.

Fundi wa Igawilo

Mkuu, ya bendi tatu inasaidia kweli, kwa sababu inatenga bendi nzima kwa ajili ya mazungumzo ya vituo vyenyewe. Lakini ukizifunga saba ambapo tatu zingetosha, hizo nne za ziada bado zinaongea. Na hela ya mchango wa nyumba tisa naijua mimi niliyezunguka kuikusanya.

Naendelea. Swali lililoninyima usingizi: ni lini ripita inapunguza msongamano na ni lini inauongeza? Maana zote mbili zinatokea, na ndiyo sababu watu wanabishana bila mwisho.

Chukua pakiti ya kawaida, baiti 1,500, yaani biti 12,000. Mtu wa mbali mwenye mtandao dhaifu, kifaa chake kinashuka hadi megabiti 1 kwa sekunde ili asikike. Pakiti yake inakaa hewani milisekunde 12. Muda wote huo mtaa mzima umenyamaza unamsubiri, kama foleni ya dirisha la benki ikimpata mteja wa sarafu. Sasa weka ripita katikati, kila kipande kikimbie kwa megabiti 11. Milisekunde 1.1 kwenda, 1.1 tena kumalizia, jumla kama 2.2. Hapo ripita imewasaidia na wasiohusika, imewarudishia karibu milisekunde 10 za hewa.

Geuza. Mtu anafika mwenyewe kwa megabiti 24. Pakiti yake ni nusu milisekunde, imeisha. Ukimpitisha kwenye ripita yenye vipande vya megabiti 36, kila kipande ni 0.33, jumla 0.67. Amepoteza yeye, wamepoteza na wenzake. Na kwenye skrini ya simu yake anaona vijiti vinne vimejaa, anafurahi! Vijiti vinakuonyesha ripita iko karibu, havikuonyeshi foleni iliyo nyuma yake.

Nimerahisisha, kuna muda wa kusubiriana na kukiri mapokezi ambao nao unazidi kadiri hatua zinavyoongezeka. Ukiuweka ndani, ripita inapata alama za chini zaidi.

Nilipopima mtaani, kati ya ripita saba ni mbili tu zilizokuwa kwenye hali ya kwanza. Tano zilikuwa zinasaidia watu wasiohitaji msaada.

Mteremko wa Kitonga

Kamwene. Niko Mafinga. Hoja nzuri, ila umesahau nguvu. Ripita ikiwa katikati, wote wawili hawahitaji tena kupiga kelele, si wapunguze sauti? Kwenye misonobari huku tuliweka kituo cha katikati, tukashusha nguvu ya pande zote, na mtandao wa jirani ukapona hapohapo. Faida ya kukaa karibu ni kuongea taratibu. Nyinyi mmesogea karibu na bado mnapayuka.

Fundi wa Igawilo

Umenipiga palepale, mkuu. Zinakuja kiwandani zikiwa kwenye nguvu ya mwisho na mimi sikugusa. Nilidhani nikishusha wateja watasema nimewapunja.

Mama Parachichi

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi ni mkulima Rungwe, si fundi, ila mwanangu aliniwekea visensa vya unyevu shambani, vile vya LoRa, redio ndogo za kufika mbali, na vinatumia programu ya Meshtastic kupokezana ujumbe. Vilikuwa sita, ujumbe unafika. Akaongeza vikawa kumi na nane, ukawa haufiki au unafika umechelewa. Nilidhani ni mvua. Huku kwetu mvua mnaijua. Je ni hilohilo la ripita?

Fundi wa Igawilo

Marahaba kwako wewe mama, shikamoo. Ni hilohilo, na kwako ni kali zaidi kwa sababu LoRa inaongea polepole mno, ujumbe mfupi unaweza kukaa hewani sekunde nzima kutegemea ulivyoupanga.

Mvua usiilaumu. Kwenye masafa hayo ya chini ya gigahezi 1, na hata kwenye 2.4, matone yenyewe hayazuii kitu cha maana. Mvua inaanza kuuma kwenye masafa ya juu, gigahezi 10 kwenda mbele, kama dishi za televisheni. Majani yaliyolowa ndiyo yanakula mawimbi kidogo.

Sasa Meshtastic ina akili ambayo ripita zangu hazina. Kifaa kikisikia ujumbe hakirukii kuurudia. Kinangoja kidogo, na aliyeusikia kwa udhaifu zaidi, yaani ambaye huenda yuko mbali zaidi, ndiye anapewa nafasi ya kutangulia, kwa sababu yeye ndiye atakayeufikisha mbali. Wengine wakisikia ameshaurudia, wananyamaza. Tatizo linakuja mtu akienda kwenye mipangilio akavifanya vyote kuwa vya kazi maalumu ya kusambaza. Hicho cheo kinakifanya kifaa kirudie hata kama mwenzake ameshasema. Halafu angalia idadi ya kupokezana, yaani ujumbe unaruhusiwa kurukishwa mara ngapi: kawaida ni 3, mwisho 7. Mwambie mwanao akuonyeshe. Nina wasiwasi ameweka 7.

Mama Parachichi

Nimempigia. Ni 7. Na vyote kumi na nane amevipa hicho cheo. Anasema alitaka "viwe imara". Ndaga fijo mwanangu, nitakuletea parachichi ukipita Tukuyu.

Bati Jekundu

Hahaha, wakubwa kumi na nane shamba moja, nani atafanya kazi.

Haya na mimi nina kisa. Duka moja mjini, mwenye duka kaagiza kibusta cha kukuza mtandao wa simu, kakifunga mwenyewe. Simu yake ikajaa vijiti, sisi mtaa mzima tukakosa kupiga. Akizima tunarudi. Ilikuwaje?

Fundi wa Igawilo

Hiyo ndiyo ile namna ya kwanza niliyosema, ya kukuza na kurusha kilivyo, tena kwa wakati mmoja na kwenye masafa yaleyale. Antena ya nje inasikia, ya ndani inasema. Zikiwa karibu, ya nje inasikia ya ndani, inaikuza, inarudi, inaikuza tena. Ni kama maikrofoni ya kanisani ikielekezwa kwenye spika, ule mluzi. Simu yako haisikii mluzi huo ila mnara unausikia, na unawafunika wote mnaouongelesha. Ili kisipige mluzi, ukuzaji lazima uwe mdogo kuliko kizuizi kati ya antena mbili, na kwa nafasi ya kutosha. Chumba cha bati na mbao hakikupi kizuizi hicho.

Ndiyo maana vifaa vya redio vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kukuza masafa ya kampuni ya simu bila ridhaa ni kujitafutia kesi. Mfuate kistaarabu umweleze, wengi hawajui.

Kijana wa Kihesa

Mkuu nasoma mambo haya chuoni, naomba kuchokoza. Umeuchukulia mwingiliano kuwa ni uchafu siku zote. Lakini ukiwa tayari unakijua kilichokuingilia, unaweza kukitoa. Mfano A na B wanabadilishana kupitia R. Kwa utaratibu wa kawaida ni zamu nne: A kwa R, R kwa B, B kwa R, R kwa A. Lakini A akituma 5 na B akituma 3, R anaweza kutangaza 8 mara moja tu. A anajua alituma 5, anatoa, anabaki na 3. B hivyohivyo. Zamu tatu badala ya nne. Na ukiwaacha A na B waongee kwa pamoja makusudi, R akarusha mchanganyiko wenyewe, zinabaki mbili.

Fundi wa Igawilo

Kijana umetisha. Hiyo ya zamu tatu iliwahi kujengwa na kujaribiwa kwenye Wi-Fi halisi, MIT walionyesha mwaka 2006 wakauita COPE. Ubishi wangu ni mdogo: inalipa pale mazungumzo yanapokwenda pande zote mbili kwa uzito unaokaribiana. Mtaani kwetu asilimia kubwa ni kushusha video tu. Hakuna cha kujumlisha na nini. Ile ya zamu mbili inataka ufundi wa kuchambua mawimbi yaliyochanganyika, ambao vifaa vya duka la Mwanjelwa havina. Ila umenikumbusha kitu: ningekuwa na vifaa vya kuchagua, ningetaka ripita inayongoja. Mtumaji aseme, mlengwa akisikia akiri, ripita inyamaze. Asiposikia, ndiyo ripita iingie, na ziwe nyingi halafu ile yenye njia nzuri kwa wakati huo itoke peke yake. Utafiti wa namna hiyo upo mwingi tangu miaka ya 2000, hesabu zinaonyesha unabaki na ile faida ya 1 kati ya 100 bila kulipia hewa mara mbili kila siku.

Mzee wa Makambako

Wajukuu, mimi fundi redio wa zamani. Swali moja. Nyumba ya upande huu wa mgongo wa kilima na ya upande ule hazisikiani, zote zinasikia ripita iliyo juu. Zile adabu za kusikiliza kwanza zitawasaidia nini?

Fundi wa Igawilo

Shikamoo mzee. Hazisaidii. Kila mmoja anasikiliza, anaona kimya, anasema, na wanagongana masikioni mwa ripita. Kabla ya ripita hawakuwa na sababu ya kugongana, kila mmoja alikuwa na lake. Dawa ipo ya kuomba ruhusa kwanza: kifaa kinatuma ombi fupi, ripita inajibu "sema", na lile jibu linasikika pande zote mbili hivyo wa upande wa pili ananyamaza. Inakula muda kidogo, kwa hiyo naiwasha kwa pakiti kubwa tu.

Nimalizie tulichofanya. Ripita nne zimezimwa. Moja imegeuzwa kuwa ya waya, tulipitisha kebo ya mita 40 kando ya uzio, ndiyo kazi bora niliyofanya mwaka huu na haina antena hata moja. Mbili zimebaki hewani kwa wale wa chini kabisa. Zinaongea na rauta kwa gigahezi 5, na kwa wenye nyumba kwa 2.4, moja chaneli 1, nyingine 11, rauta ya juu ikakaa 6. Nguvu nimeshusha kote, nikazunguka na simu mpaka ripita moja ikawa haisikiki kwenye nyumba isiyoihudumia. Mzee wa juu WhatsApp yake haizunguki tena.

Mteremko wa Kitonga

Na wale wanne waliozimiwa? Walikubali?

Fundi wa Igawilo

Watatu walikubali baada ya kupima kasi mbele yao, imezimwa na imewashwa. Nimewarudishia nusu ya hela ya ufundi. Wa nne ni baba wa nyumba ya saba. Kasi kwake imepanda, ameiona kwa macho yake, lakini hataki kusikia. Anasema alichangia kama wenzake na jirani asije akasema yeye hana. Tumekubaliana ibaki ukutani na taa iwake, redio nimeizima kwenye mipangilio. Jana kanipigia kunishukuru, anasema tangu niiguse ile ripita yake mtandao umekuwa mzuri sana.